Mwenye Shughuli na Mgeni Wake: Sikukuu za Miji ya Meksiko katika Maandishi

Katika sura ya tatu ya kitabu cha Octavio Paz kiitwacho El laberinto de la soledad, kilichochapishwa mwaka wa 1950, mna kisa kifupi ambacho wasomaji wengi hukipita kwa tabasamu. Paz aeleza kwamba zamani kidogo alimuuliza mkuu wa baraza la kijiji kimoja jirani na Mitla, katika jimbo la Oaxaca, mapato ya kijiji chake yalikuwa kiasi gani. Akajibiwa kuwa yalikuwa kama peso 3,000 kwa mwaka, na kwamba wao ni maskini, hata serikali huwasaidia kutimiza gharama zao. Alipouliza fedha hizo hutumika katika nini, mkuu yule akasema kwamba karibu zote huishia katika sikukuu, kwa kuwa kijiji, pamoja na udogo wake, kina watakatifu wawili wa kukilinda.

Kisa hiki ndicho ushahidi bora kuliko wote uliomo katika sura hiyo, na Paz alipita kando yake. Alikitaja ili kuonyesha kwamba umaskini wa Wameksiko waweza kupimwa kwa wingi na fahari ya sikukuu zao. Kisha akaendelea na safari yake kuelekea jambo alilolipenda zaidi, yaani roho ya taifa. Hakuuliza ni nani aliyeshika daftari la hesabu, nani aliyeamua kwamba mtakatifu wa pili naye apate fataki kama wa kwanza, wala nani aliyetoka katika mwaka ule akiwa na deni. Maswali hayo yaonekana kuwa madogo, ya karani zaidi kuliko ya mshairi. Walakini ndiyo yanayotenga mtu aliyeandika habari za sikukuu na mtu aliyeandika habari za mwangwi wa sikukuu ndani ya kichwa chake.

Si haki kumdharau Paz. Katika nchi ambamo watawala wengi, wa kabla ya mapinduzi na wa baada yake, waliziona sikukuu za vijiji kuwa upotevu wa mali na chanzo cha ulevi, yeye alithubutu kuzipa hadhi ya falsafa. Hoja yake yajulikana. Mmeksiko, asema, hujifunika uso siku zote. Hunyamaza, hujihadhari, hukaa ndani ya nafsi yake kama kobe ndani ya gamba. Siku ya sikukuu gamba hupasuka. Hupiga mbinja, hulewa, hufyatua bastola hewani, humkumbatia mtu ambaye jana hakumsalimu, na pengine humwua kabla ya mapambazuko. Sikukuu kwa hiyo ni zaidi ya mapumziko. Ni uasi, ni kurudi katika vurugu ya mwanzo ambamo mipaka baina ya mkubwa na mdogo huvunjika. Paz aliwajua vema wataalamu wa Ufaransa waliosema kwamba ufujaji wa mali katika sikukuu ni chambo cha kuvutia neema, na alikataa kutosheka na maelezo yao. Nathari yake katika kurasa hizi yasisimua. Haikosi kumshika msomaji hata pale akili inapokataa.

Na akili hukataa hasa juu ya kiima cha sentensi zake. Kiima hicho ni kimoja tu: Mmeksiko. Hana umri, hana mji, hana mke, na kwa hakika hana jikoni. Msomaji hatawaona wanawake wanaoamka usiku wa manane kusaga mahindi ya tamales na kukaanga pilipili za mchuzi wa mole kwa ajili ya watu mia mbili. Hatamwona mpiga tarumbeta anayetembea siku nzima milimani kwa sababu bendi ya kijiji chake inadaiwa safari na kijiji cha pili, ada ambayo Wazapoteki wa milima ya kaskazini ya Oaxaca huiita gozona: bendi moja huenda kupiga katika sikukuu ya wenzao bila malipo, ikapewa chakula na malazi, na wenzao huja kulipa kwa njia hiyo hiyo. Fataki nazo, katika maandishi ya Paz, ni nafsi iliyolipuka. Lakini fataki hutengenezwa. Ule mnara uitwao castillo, wa mbao na matete yaliyofungwa magurudumu ya moto, hutoka katika karakana za mafundi, wengi wao wakiwa Tultepec, kaskazini ya Jiji la Meksiko. Tarehe 20 Desemba 2016 soko la fataki la San Pablito katika mji huo liliungua na watu zaidi ya 40 wakafa. Siku chache kabla ya Krismasi watu walikuwa wamekuja kununua vitu vya sikukuu.

Hapa Kiswahili kina bahati. Neno la Kihispania fiesta laweza kufasiriwa kwa sikukuu, sherehe, karamu au tafrija, na mfasiri atachagua kwa kadiri ya mahali. Lakini lipo neno jingine, la mitaani, ambalo wanachuoni huliona duni: shughuli. Mtu akisema kwamba jirani yake ana shughuli, huenda jirani ana kazi, huenda anamwoza binti yake, na aghalabu maana zote mbili ni moja. Mwenye shughuli ndiye mtu asiyekaa. Mgeni hula, husifu au hukosoa wali, akaenda zake. Mwenye shughuli hubaki na masufuria, deni na lawama. Huko Meksiko lugha imehifadhi ukweli wa namna hiyo hiyo. Dhamana ya kusimamia sikukuu ya mtakatifu huitwa cargo, na neno hilo ni cheo, tena ni mzigo.

Namna mzigo huo ulivyobebwa katika mji mmoja, Zinacantán, kwenye nyanda za juu za Chiapas, ilielezwa na Frank Cancian katika kitabu chake cha mwaka wa 1965. Mtu aliyepewa cargo aliacha kitongoji chake akahamia mjini kwa mwaka mzima. Hakulipwa. Yeye ndiye aliyenunua pombe, mishumaa, vyakula na fataki, na ndiye aliyewalisha wapiga muziki. Ngazi ilikuwa na daraja nne. Baina ya daraja na daraja mtu alirudi shambani miaka kadhaa kulipa alichokopa. Na vyeo vya fahari zaidi vilitafutwa na watu wengi hata majina yakaandikwa daftarini miaka mingi mapema. Mtu aliweza kutumia sehemu kubwa ya utu uzima wake akingoja zamu yake ya kujifilisi kwa heshima. Jambo hili ni la ajabu kuliko bastola yoyote iliyofyatuliwa hewani, nalo halimo katika picha ya Paz wala haliwezi kuingia humo. Mlipuko hauna orodha ya kungojea.

Wageni waliotoka ng'ambo husameheka kwa urahisi zaidi. D. H. Lawrence, katika Mornings in Mexico ya mwaka wa 1927, alieleza kwa ufundi mkubwa ngoma za wenyeji wa asili. Ila ngoma hizo, ya mahindi yachipukayo na ya nyoka, si za Meksiko: alizitazama New Mexico na Arizona, nchini Marekani. Oaxaca ilimpa soko, njia yenye vumbi na kijana wa kumbebea kapu, na kwa kuwa hakuilazimisha kumpa zaidi, kurasa za Oaxaca ndizo zilizochakaa kidogo kuliko nyingine. Malcolm Lowry aliiweka riwaya yake Under the Volcano, ya mwaka wa 1947, katika Siku ya Wafu ya mwaka wa 1938. Wafu wa mji mzima wamekuja kuzuriwa na jamaa zao ili Mwingereza mmoja mlevi apate pambo la kufia. Ni riwaya kubwa, nayo haidai kuwa habari za mji.

Paz adai. Na hapa pana jambo ambalo wahakiki wamelitaja mara chache kuliko inavyostahili: kitabu hiki juu ya Meksiko kinaanzia Los Angeles, ambako mwandishi alikaa kwa muda, na sehemu yake kubwa iliandikwa Paris, ambako alikuwa mwanadiplomasia. Hilo si kosa. Umbali umezaa vitabu vingi vizuri. Lakini waeleza kwa nini yeye, mwenyeji kwa kuzaliwa, akaishika kalamu kama mgeni: anafika mjini jioni, mafataki yakiwa yamekwisha pangwa, na anaondoka asubuhi kabla uwanja haujafagiwa.

Miaka miwili kabla ya kitabu cha Paz, mwaka wa 1948, kulitoka kitabu chembamba cha Ricardo Pozas kiitwacho Juan Pérez Jolote. Ni maisha ya mtu wa San Juan Chamula, mji wa Watzotzil ulio jirani na Zinacantán, yaliyosimuliwa kwa kinywa chake mwenyewe na kuandikwa na Pozas, aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii za watu. Juan anakimbia nyumbani akiwa mtoto kwa sababu ya kipigo cha baba yake; anafanya kazi katika mashamba ya kahawa; anaingia gerezani; anatolewa gerezani kuwa askari katika vita vya mapinduzi, akipigana kwanza upande mmoja na baadaye upande wa pili pasipo kuona tofauti kubwa. Anaporudi Chamula amesahau lugha ya kwao, na mavazi yake yawachekesha watu. Sikukuu na vyeo vyake ndivyo vinavyomrudisha katika utu wa mji.

Ustadi wa kitabu hiki umo katika kutokupamba. Sikukuu humo huja kama hesabu: pombe kiasi gani, nani aliyesaidia kuibeba, nani aliyepewa kikombe kwanza na nani wa pili, dua ipi isomwe mlangoni na ipi mbele ya sanamu. Msomaji mwenye haraka hudhani kwamba hayo ni makapi ya utafiti. Lakini soma kwa subira ukaone jinsi mpangilio wa vikombe ulivyo mpangilio wa watu, na jinsi Juan, ambaye hakuwa na mahali katika dunia, anavyopata mahali pake kwa kujua zamu yake ya kunywa. Paz aliandika kwamba katika sikukuu mipaka huvunjika. Katika Chamula ya Pozas sikukuu ndiyo inayoichora mipaka, kikombe kwa kikombe. Kitabu kina ila yake: mara kwa mara Pozas humtia Juan maneno ya darasani, hata mtu anaanza kueleza desturi za kwao kwa namna ambayo hakuna mtu awaelezaye jamaa zake. Mahali hapo sauti hufa kidogo. Kisha Juan hurudi.

Serikali na wafanyabiashara wa safari walimchagua Paz, au tuseme walichagua namna ya kuona ambayo Paz aliipa lugha nzuri kuliko wote. Mfano ulio wazi ni guelaguetza. Kwa Wazapoteki wa bonde la Oaxaca neno hili ni jina la kupeana. Nyumba yenye harusi au sikukuu ya mtakatifu hupokea bata mzinga, mahindi, kakao, mikate na siku za kazi kutoka kwa nyumba nyingine, na kila kitu huandikwa daftarini kwa kipimo chake. Bata mzinga hupimwa uzito. Siku nyumba ile nyingine itakapokuwa na shughuli, kitu hurudishwa kwa kipimo kile kile, hata kama miaka ishirini imepita na aliyekopa amekwisha kufa. Watoto hurithi daftari.

Mwaka wa 1932 jiji la Oaxaca liliadhimisha miaka 400 tangu kupewa hadhi ya jiji, na wajumbe wa sehemu mbalimbali za jimbo wakaletwa na mavazi yao na ngoma zao kulitolea jiji heshima. Kutokana na maonyesho hayo ilikua sherehe ya kila Julai juu ya kilima cha Fortín, ikapewa jina la Guelaguetza, na mwaka wa 1974 ikajengewa ukumbi wa wazi wenye viti vya maelfu ya watu. Ngoma ni nzuri. Anayezikataa kwa sababu zina tiketi ni mtu wa kujinyima bure. Kila kundi limalizapo huwarushia watazamaji matunda na mikate ya kwao. Ni zawadi isiyoandikwa katika daftari lolote, kwa maana anayeidaka hatakuwako mwakani kuirudisha. Mwaka wa 2006, wakati wa mgomo mkubwa wa walimu, onyesho la serikali lilivunjwa na wagomaji wakafanya guelaguetza yao bila kiingilio, wakiiita ya watu. Magomvi hayo yalikuwa ya siasa, lakini yalikuwa pia magomvi ya tafsiri: nani mwenye shughuli?

Mambo mengine ya namna hii yaweza kutajwa kwa haraka. Mwaka wa 2001 serikali ya Meksiko ilianza kuteua miji ya kuitwa Pueblos Mágicos, miji ya ajabu, na kufikia mwaka wa 2023 ilikuwa 177. Sikukuu ya Wafu iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka wa 2008. Mwaka wa 2015 filamu ya James Bond iitwayo Spectre ilifunguliwa kwa maandamano makubwa ya mafuvu katika barabara za Jiji la Meksiko, maandamano ambayo hayakuwahi kuwako. Mwaka wa 2016 jiji likayafanya kweli. Hapana haja ya kucheka sana. Sikukuu nyingi zilizo kongwe leo zilianza kwa mtu kuiga alichokiona. Jambo la kuangaliwa ni kile kilichoigwa: fuvu linalocheka. Kwamba Mmeksiko hukicheka kifo ni kauli ambayo Paz hakuibuni, bali aliieneza, na Claudio Lomnitz katika kitabu chake cha mwaka wa 2005 alionyesha jinsi kifo kilivyofanywa nembo ya taifa. Katika kisiwa cha Janitzio au katika makaburi ya Mixquic, usiku wa kuamkia tarehe 2 Novemba, wenye wafu wao hawacheki sana. Hukaa. Wamepalilia kaburi, wamelipanga maua ya manjano ya cempasúchil, wamewasha mishumaa na kufukiza copal, utomvu ambao jina lake la Kinahuatl wafanyabiashara wa Ulaya walilichukua wakaibandika hata sandarusi ya pwani ya Afrika Mashariki. Kelele hutoka kwa waliokuja kutazama.

Lakini anayemsifu mwenye shughuli dhidi ya mgeni hana budi kujihadhari na mtego wa pili, nao ni kuifanya dhamana kuwa utakatifu. Marvin Harris alidai mwaka wa 1964 kwamba sikukuu zilikuwa kamba ya kuwafunga wenyeji katika utumwa wa madeni, na waliofaidi ni wenye mashamba na makanisa. Wengine walisema kinyume, kwamba gharama za sikukuu huwasawazisha watu, tajiri asipate kuwazidi wenzake. Cancian aliyapima mahesabu ya Zinacantán akaona kwamba hawasawazishwi: tajiri alitumia zaidi, akabaki tajiri, na akapata heshima juu yake. Hata ukale wa desturi yenyewe umetiwa shaka. John Chance na William Taylor walionyesha mwaka wa 1985 kwamba katika sehemu nyingi desturi ya mtu mmoja kugharimia sikukuu kwa mali yake iliota mizizi katika karne ya 19, mali za vyama vya watakatifu zilipokuwa zimepungua au kutwaliwa. Msafiri aambiwaye kwamba anatazama mambo ya kabla ya Cortés huenda anatazama namna watu walivyojitengenezea mambo baada ya kunyang'anywa.

Na Chamula penyewe, mji wa Juan, jambo lilifika mbali zaidi. Tangu miaka ya 1970 maelfu ya watu waliogeukia makanisa ya Kiprotestanti walifukuzwa mjini humo, wakapoteza nyumba na mashamba. Wengi wao walijenga upya kandokando ya San Cristóbal de las Casas. Miongoni mwa makosa yao lilikuwamo hili, kwamba walikataa kuchangia sikukuu, kushika vyeo vyake na kunywa pombe yake, na baadhi ya wakuu waliowafukuza ndio waliofanya biashara ya pombe na mishumaa. Katika nathari ya Paz mtu hawezi kuikataa sikukuu, kwa kuwa sikukuu ni nafsi yake. Mwandishi aliyeanza kwa kuuliza ni nani anayelipa angalau amejiwekea njia ya kuuliza pia itakuwaje kwa asiyetaka kulipa.

Pozas hakuishi katika kitabu chake miaka hiyo ya kufukuzana, lakini kurasa zake za mwisho zimeligusa jambo lenyewe kabla halijapata jina. Juan sasa ni mtu mwenye heshima. Watu huja kwake na haja zao, na hakuna ajaye mikono mitupu: kila haja ina chupa yake, na chupa haikataliwi, kwa sababu kuikataa ni kumkataa aliyeileta. Hana tena hamu ya chakula. Akumbuka kwamba baba yake alikufa hivyo hivyo, kwa kunywa. Asema kwamba yeye hataki kufa, ataka kuishi. Na hapo Pozas, bila neno lake mwenyewe hata moja, akaweka kalamu chini.